Nimeichora Mwenyewe

Bi Kidawa Jaku hakuwa mtu wa kukasirika ovyo. Alikasirika kama wengine wanavyokunja nguo: polepole, ncha kwa ncha, na akimaliza huoni kunyanzi. Sisi tunaokaa barazani mkabala na nyumba yake, Malindi ya Unguja, tulizijua hasira zake kwa majina. Ipo hasira ya nguzo, ya mwaka ule walipoleta nguzo mpya ya umeme wakaiacha ya zamani imesimama ubavuni mwake kama mke mkubwa. Ipo hasira ya bomba, iliyodumu kuliko bomba lenyewe. Lakini hasira ya fulana ndiyo pekee iliyomtoa nyumbani ikamfikisha Forodhani mchana kweupe, naye ni mtu aliyezoea kusema kuwa Forodhani, na vyakula vyake vya jioni, ni pa watu wasiokuwa na jiko kwao.

Kazi yake ni kupaka hina. Alizaliwa Jongowe, kisiwani Tumbatu, akaletwa mjini ana miaka kumi na moja kwa shangazi yake, Bi Salhiya, aliyekuwa akipamba maharusi. Miaka mitatu ya mwanzo hakuruhusiwa kuchora hata nukta. Alichekecha unga wa hina kwa kitambaa chepesi, akakamua malimau, na asubuhi akawabandua maharusi hina iliyokauka. "Kuchora kila mtu anaweza," shangazi yake akimwambia. "Wewe jifunze kungoja."

Kwa asiyejua: hina hupakwa mbichi, kama tope. Huachwa ikauke mpaka ipasuke, kisha hubanduliwa kwa ukucha au kwa mgongo wa kisu, na tope likishaanguka ndipo rangi huonekana, kwanza kama karoti, baadaye nyekundu ya kuiva. Kilichoko juu hutupwa. Kilichoingia ndani ndicho chako. Mtoto wa mjini hulijua jambo hili kabla hajaijua alif. Naomba msomaji aliweke karibu, litahitajika.

Kwa zaidi ya miaka thelathini wanawake walimtambua mtu aliyepambwa na Bi Kidawa kutoka upande wa pili wa ukumbi. "Ule mkono wa Kidawa," walisema, na waliosema hivyo hawakuwa na maana ya kusifu tu, walikuwa na maana ya kumjua aliyefanya. Yeye mwenyewe hakuomba zaidi ya hilo. Siku moja, Mbweni, shangazi wa bwana harusi alipita akatupa jicho, akasema maua kama yale ameyaona kwenye simu. Bi Kidawa alikuwa ameshamaliza mkono wa kulia. Akafunga vifaa vyake. "Wa kushoto basi mwambieni simu amchore," akasema, akaondoka. Bibi harusi aliingia ndani na mkono mmoja. Ndoa ipo mpaka leo, kwa hiyo hoja kwamba mikono miwili ni lazima bado haijathibitishwa.

Zuleikha Abrahman alikuja siku ya Jumapili, kitambulisho shingoni, na viatu ambavyo havijawahi kuambiwa habari za vichochoro vyetu. Naye ni wa Mbweni, lakini wa nyumba nyengine. Yeye miaka miwili nyuma Bi Kidawa alimpaka hina ya harusi mikono yote miwili.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Mikono ipo?"

"Ipo, lakini rangi ishatoka zamani."

"Ya hina hutoka. Ya ndoa ndiyo uniambie."

Zuleikha akacheka, akaeleza kilichomleta. Aliajiriwa na Jumuiya ya Ufukwe Wetu, ambayo hakuna barazani aliyewahi kuisikia, lakini ilikuwa na gari, na gari lilikuwa na jina lake ubavuni. Jumamosi kutakuwa na siku ya kusafisha pwani pale Forodhani. Atakuja mgeni rasmi. Watoto kumi na wanane wa chuo cha Kurani cha Maalim Mahfoudh watapanda jukwaani na fulana walizozipamba kwa rangi za nguo, kila mtoto na yake. Alitakiwa mtu wa kuwasimamia, mtu mwenye mkono.

"Na mgongoni?" aliuliza Bi Kidawa, ambaye kila kitu alikigeuza akatazama upande wa pili.

"Mgongoni sisi tutaandika, *Nimeichora mwenyewe*."

"Hapo umenipata," akasema Bi Kidawa. "Niletee."

Jumatatu watoto wakajaa uani kwake. Walikuwa likizo ya skuli, na Maalim Mahfoudh aliwatoa bila kinyongo. Boksi lilikuwa na fulana nyeupe, chupa za rangi, brashi, na karatasi ya maelekezo yenye vipengele tisa. Saba vilihusu kupiga picha: watoto wasimame wapi, watabasamu vipi, nembo ya jumuiya isizibwe na mkono. Cha nane kilisema watoto waachwe huru kubuni. Cha tisa kilionesha vitu vya kubuni: jahazi, mnazi, mlango wa misumari na kasa.

Maalim Mahfoudh aliitazama karatasi, akachukua kalamu akamfuta kasa. "Chenye roho hakichorwi," akasema, akaenda zake kulala.

Vikabaki vitatu. "Jahazi nani kalipanda humu?" aliuliza Bi Kidawa. "Ayoub, babako ana jahazi?"

"Babangu anatengeneza simu."

"Mnazi je? Nani ana mnazi?"

"Sisi tunanunua nazi ishakunwa, Bibi," akajibu Sichana.

"Na mlango kila siku mnausukuma kwa mguu, hata hamuutazami. Basi kila mtu achore anachokiona akifumbua macho asubuhi."

Brashi alizitazama akaziweka upande, akisema hizo ni za chokaa. Akakata vipande vya nailoni, akaviviringa kama pembe, kama anavyofanya kwa hina, akavijaza rangi na kumpa kila mtoto chake. Ukikiminya kwa juu, kwa chini hutoka uzi wa rangi, mnene na mtii. Chupa zilikuwa na maandishi ya Kichina, na chini yake picha ndogo ya pasi. Bi Kidawa aliikodolea macho kwa muda, akaamua kuwa kampuni hiyo inauza na pasi.

Ayoub alichora nguzo mbili za umeme, mpya na mke mkubwa, pamoja na kila waya. Ahmada alichora tangi la maji la juu ya paa. Sichana, aliyekuwa na paka na pia amri ya Maalim, alichora kisahani cha paka bila paka, na mtu yeyote mwenye akili aliona kwamba paka yuko njiani anakuja. Lakini kazi ya siku ile ilikuwa ya Ummukulthum, msichana wa miaka tisa aliyehamia kwa bibi yake wiki ya nyuma kutoka Mangapwani na aliyekuwa hajazungumza na mtu. Alichora fenesi. Alilichora kubwa, kuanzia shingo mpaka pindo, na miba yake akaitia nukta moja moja, asubuhi nzima, ulimi nje.

"Huo mkono nani kakufunza?" aliuliza Bi Kidawa.

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu. Watakuja na gari."

Zuleikha alipiga picha nyingi. Aliandika majina ya watoto wote kumi na wanane, na la Ummukulthum aliliuliza mara mbili kwa urefu wake. Fulana zikaanikwa kambani. Bi Kidawa akawaambia watoto, "Jumamosi kila mtu atavaa mkono wake. Nnakuahidini mimi." Sijawahi kumsikia akiahidi kitu kabla ya hapo, hata kwa maharusi.

Jumanne alikwenda Mangapwani kumtazama bibi harusi, akamwachia jirani ufunguo. Watoto wakaja kutazama fulana zao. Rangi ilikuwa imekauka, ngumu, imesimama juu ya kitambaa kama mshono. Sichana akaigusa kwa kidole.

"Imekauka," akasema. "Tubandue."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kama ungewaambia wapike wali, wangeuliza mchele uko wapi. Kuhusu kubandua hakuna la kuuliza. Watoto kumi na wanane walikaa chini wakabandua rangi za fulana zao kwa kucha, kwa vijiko, na Ayoub kwa kifuniko cha simu. Ummukulthum alibandua miba ya fenesi mmoja mmoja, kwa uangalifu uleule alioitia nao. Walipomaliza walifagia. Kisha wakaanika tena, wakakaa safu moja kwenye kivuli, wakingoja rangi iive.

Ndivyo alivyowakuta Bi Kidawa aliporudi alasiri: watoto kumi na wanane wenye adabu, wanakodolea macho kamba ya nguo zenye madoadoa.

"Bibi, mbona haiivi?" aliuliza Ahmada.

Bi Kidawa alizipita fulana zote, moja baada ya moja. Palikuwa pamebaki vivuli: buluu hafifu mahali pa tangi, kijani cha ugonjwa mahali pa fenesi. Nyengine zilichanika.

"Nani alokwambieni mbandue?"

"Hakuna, Bibi. Imekauka."

Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi. Tulitegemea moto, tukasogea ukingoni mwa baraza kuuona. Lakini alisema kwa sauti ndogo, "Ningekuwepo, ningebandua na mimi." Halafu akaiokota chupa, akaitazama tena ile pasi, akaifahamu. Maana yake rangi ile haibanduliwi wala haiivi. Hupigwa pasi ikaganda. Akaikasirikia chupa, lakini ile ilikuwa hasira ndogo, ya mazoezi.

Kubwa ilikuja Jumatano, na boksi jipya.

Zuleikha aliingia, akaona kamba, akashika kichwa. "Yarabi! Hawa watoto hawakufuata maelekezo?"

"Maelekezo yepi? Ya kutabasamu? Hayo waliyafuata."

"Haidhuru, Bi Kidawa, haidhuru. Tuna nyengine." Akafungua boksi. Zilikuwa fulana safi, laini, zilizopigwa chapa kwa mashine. Kifuani kila moja ilikuwa na jahazi, jahazi lilelile, na mawimbi matatu yaleyale. Mgongoni palikuwa na jina la mtoto, na chini ya jina, kwa maandishi yaliyoigizwa mwandiko wa mtoto, mpaka herufi moja imepinduliwa kusudi: *Nimeichora mwenyewe*.

Watoto walizipenda. Lazima tuseme ukweli. Zilikuwa zinang'aa. Zuleikha akaanza kuita majina.

"Ahmada!"

"Naam!"

"Ayoub!"

"Naam!"

"Amour!"

Watoto wakatazamana. "Amour keshahama," akasema Sichana. "Yuko Wete kwa mamake. Toka mwezi uliopita."

Zuleikha akaiweka fulana ya Amour upande, akaendelea. Alipofika mwisho, boksi lilikuwa tupu na Ummukulthum alikuwa amesimama mikono mitupu.

Hapo ndipo Bi Kidawa alipoanza kukunja.

"Zuleikha, mwanangu. Juzi uliandika majina hapa. La huyu uliliuliza mara mbili."

"Ndiyo, Bi Kidawa."

"Na Amour juzi hakuwapo."

"Hakuwapo."

"Hizi fulana zimepigwa chapa lini?"

Zuleikha alitazama viatu vyake, ambavyo kwa wakati ule vilikuwa vishajua kichochoro. "Wiki ilopita. Kwa orodha ya zamani ya Maalim. Ni za tahadhari tu."

"Tahadhari ya nini? Walikuwa hawajashika rangi."

"Basi tu, kama zao zisipotoka vizuri."

"Na zingetoka vizuri? Nijibu, mwanangu. Zao zingetoka kama dhahabu. Jumamosi wangevaa zipi?"

Zuleikha akafunga lile boksi tupu.

"Picha lazima zifanane, Bi Kidawa," akasema Zuleikha. "Si mimi. Mimi nna mkataba wa miezi sita tu."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi, na nayapanga kwa sababu Bi Kidawa aliyapanga hivyo kwa sauti, mlango wazi, kwa faida ya mtaa mzima. Watoto waliitwa wachore ili wapigwe picha wakichora. Walichochora hakikuhitajika na mtu. Fulana za kuvaa zilikuwa zimeshalala kwenye boksi tangu wiki ya nyuma, zimeshaandikwa kuwa watoto wamezichora, na mmoja wao amezichora akiwa Wete, ng'ambo ya bahari, bila ya rangi, bila ya fulana na bila ya kujua.

"Huyo Amour," alisema Bi Kidawa, "ana mkono mrefu."

"Na huyu mtoto asihuzunike," akasema Zuleikha, ambaye kweli hakuwa na moyo mbaya na hilo ndilo lililozidi kuudhi. Akaichukua fulana ya Amour akamwekea Ummukulthum kifuani kupima. "Si kamili tu? Avae hii. Nani atajua?"

"Yeye," akasema Bi Kidawa.

Watoto, ambao hawajawahi kuiacha nafasi ipite, walishaanza. "Wee Amour!" akaita Ayoub kwa sauti ya Maalim. "Amour wa fenesi!" "Naam!" akaitika Ahmada kwa sauti nyembamba, akijitia Ummukulthum, na ua mzima ukacheka. Ummukulthum hakulia. Aliikunja ile fulana, vizuri, akairudisha juu ya boksi.

"Mimi nlichora," akasema. Ndiyo maneno marefu kuliko yote tuliyowahi kumsikia.

Zuleikha akasema atakayekuja Jumamosi bila fulana ya jumuiya hatapanda jukwaani, ni amri ya wakubwa, na akaondoka na chupa zote za rangi, hata zilizobaki tone, kwa sababu zilikuwa mali ya mradi. Fulana ya Amour aliisahau, au aliiacha. Mashavu yalikuwa yamemwiva, na nadhani hakuwa na mkono wa tatu wa kuichukulia.

Alhamisi asubuhi Bi Kidawa aliwaita watoto wote na fulana zao zilizobanduliwa. Katikati ya ua palikuwa na bakuli la hina mbichi, imeumuka, inanuka limau.

"Nani nyumbani kwao hamna shuka yenye doa la hina?" aliuliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila nyumba ya mji huu ina shuka hiyo. Kuna mtu alilala kabla haijakauka, na tangu siku hiyo shuka imepigwa sabuni, jua, magadi na matusi, na doa likakaa.

"Basi. Juzi mlibandua rangi isiyobanduliwa. Kosa ni langu. Sikukwambieni, kwa sababu hata mimi sikujua. Leo nakupeni inayobanduliwa. Choreni palepale, juu ya kivuli chake."

Wakachora upya. Walikuwa na mkono mzuri zaidi safari hii, maana kila mmoja alikuwa ameshaipita njia mara mbili, kwa kutia na kwa kubandua. Waya za Ayoub ziliongezeka. Sichana alitia makombo kwenye kisahani. Fulana zikalala kutwa na kucha zimetandazwa juu ya majamvi, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuzipulizia. Ijumaa, baada ya sala, Bi Kidawa alisimama katikati yao kama hakimu wa mashindano.

"Bandueni."

Wakabandua. Tope likaanguka, na chini yake ikatoka rangi, ya karoti, halafu kufikia magharibi nyekundu ya kuiva. Fenesi la Ummukulthum lilikuwa na kijani hafifu chini na miba myekundu juu, na mimi, ambaye nimekula mafenesi mengi, nilihisi utomvu vidoleni.

Jioni ile Maalim Mahfoudh alibisha hodi. "Bi Kidawa, nishasikia. Lakini watoto wameshaahidiwa jukwaa, na wazee wao wameshakodi wapiga picha. Tutawanyima?"

"Siwanyimi, Maalim. Wavae hizo za mashine."

Maalim alishangaa. "Na ule uongo mgongoni?"

"Uongo ni wa alouandika. Ila za kwao watazivaa ndani. Na nshawaambia: asiyeuliza asiambiwe, lakini atakayeuliza ajibiwe. Au chuoni kwako unawafunza vyengine?"

Maalim alitafuta aya ya kupinga, hakuipata, akaaga.

Jumamosi palikuwa na joto la kuivisha embe, na watoto kumi na saba walisimama jukwaani Forodhani na fulana mbili kila mmoja, wakitoka jasho kwa ajili ya mazingira. Wa kumi na nane alikuwa chini. Ummukulthum alikuwa amevaa fenesi peke yake, na bwana mmoja mwenye redio ya mkononi alimsimamisha kwenye ngazi.

"Wewe huna sare, mwanangu. Shuka."

"Ana fulana alochora mwenyewe," akasema Bi Kidawa, amemshika mkono. "Si ndivyo mlivyoandika?"

"Bibi, hiyo ina doa."

Nimeyaona mengi yakimkasirisha Bi Kidawa, lakini sijaona lililomnyamazisha ila hilo. Zuleikha alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alisikia, akawa anasoma karatasi yake. Ilikuwa karatasi tupu. Nilikuwa upande wa nyuma na jua lilipenya.

Mgeni rasmi akapanda, akasema maneno juu ya bahari, akapita mbele ya safu akipeana mikono. Hawa wageni huuliza swali moja tu, na mwaka huu walikuwa wameandikiwa mgongoni. Akamgeuza Ayoub, akasoma, akamgeuza tena.

"Maashallah! Kwa hiyo hii umeichora mwenyewe?"

"Hapana," akasema Ayoub kwenye kipaza sauti.

Watu wakacheka. Mgeni naye akacheka, akadhani ni haya. "Nani basi kakuchorea?"

"Sijui. Zimekuja kwenye boksi. Niliyochora mimi iko ndani."

Na kwa kuwa aliulizwa, na Bi Kidawa alisema atakayeuliza ajibiwe, Ayoub akavua. Ahmada akavua. Sichana, aliyekuwa na ushungi, aliipitisha fulana ya jahazi juu ya kichwa kwa ufundi ambao wanawake watu wazima waliupigia kofi. Katika muda wa kusema bismillahi, majahazi kumi na saba yalikuwa chini ya miguu, na jukwaani pakawa na nguzo, tangi, kisahani, mwamvuli, mtungi wa gesi, zote nyekundu kama mikono ya harusi.

"Na yule?" aliuliza mgeni, akioneshea kidole kwenye ngazi.

"Huyo ndiye alokuja kavaa sawasawa tangu nyumbani," akasema Sichana.

Mwenye redio alikuwa bado ameuweka mkono wake kama kizuizi. Ummukulthum aliupita kwa chini. Hakuna aliyemwita na hakungoja kuitwa. Akapanda, akasimama mwisho wa safu, na mgeni akamwuliza hili ni nini. Akasema ni fenesi. Akamwuliza umechora mwenyewe?

"Mara mbili," akasema Ummukulthum.

Ningependa kusimulia kwamba mambo yaliishia hapo. Wiki iliyofuata jumuiya ilitoa ripoti, na Maalim Mahfoudh alitusomea barazani. Ilisema kwamba watoto wa Mji Mkongwe "walibadilisha mavazi jukwaani kama sehemu ya onesho lililoandaliwa na mradi". Picha iliyowekwa ilikuwa ya mwanzo, kabla ya swali: watoto kumi na saba, majahazi kumi na saba, meno ya kutosha. Chini yake yaliandikwa majina kumi na manane, wa tatu akiwa Amour.

Bi Kidawa alimwomba Maalim arudie hapo kwenye majina. Kisha akaingia ndani.

Siku mbili kabla ya Idd nilimwona Zuleikha akija bila gari wala kitambulisho. Alikaa mkekani pale sebuleni, mlango ukiwa wazi kama kawaida, akanyoosha mikono yote miwili bila ya kusema alichokuja kusema. Bi Kidawa hakumuuliza. Akachukua wa kulia, akauchora taratibu, kuanzia ukucha mpaka kiwiko, maua ambayo sijawahi kumwona akimpa mtu, na mwisho, karibu na kifundo, akatia fenesi dogo. Ilichukua saa nzima. Kisha akafuta vidole vyake kwa kitambaa, nacho kilikuwa fulana nzuri, laini, sasa imejaa madoa, lakini mgongoni bado inasomeka jina na sentensi yake.

Zuleikha akasogeza mkono wa kushoto.

"Huo?" akasema Bi Kidawa, akikunja ile fulana ncha kwa ncha. "Huo mwambie Amour akuchore."